Tab Moja ya 1976 Bado Inatutesa

Wasee, leo sitaki kuongea siasa wala mpira. Nataka kuongea juu ya mstari mmoja ambao uliniweka macho mpaka saa nane usiku:

Makefile:4: *** missing separator. Stop.

Kama hujawahi kuuona, shukuru. Kama umewahi, najua umeguna.

Hivi ndivyo ilikuwa. Niko na kompyuta ya mezani, ex-UK, imechoka lakini inapiga kazi. Niliiwekea Linux juu mfumo uliokuja nayo ulikuwa unaigandisha kila saa. Kila wiki nakata video, nasawazisha sauti, naweka maandishi chini. Kazi ni ile ile, amri ni zile zile. Beshte yangu mmoja akaniambia niache kujitesa, niandike Makefile: faili fupi ya kuambia kompyuta "hii ikibadilika, tengeneza ile." Akanitumia mfano kwa simu. Nikakopi, nikabandika, nikapiga make. Ikanikataa.

Nilisoma mstari wa nne mara ishirini. Hakuna herufi imeruka, hakuna mabano yamesahaulika. Nikafuta faili yote nikaiandika upya kwa mkono. Ikanikataa tena. Hapo ndio ile sauti ya ndani ikaanza: "Si ndio maana chuo kilikushinda?"

Kumbe mwanzo wa ule mstari nilikuwa nimeweka nafasi nne, na make ilitaka Tab moja. Kwa macho yako hizo ni kitu kimoja, hewa tupu. Kwa make ni mbingu na ardhi. Na kuna kitu kilinichoma zaidi nilipokijua baadaye: ukiweka nafasi nane badala ya nne, make ya GNU, ile iko kwa Linux nyingi, inakuuliza kama ulimaanisha Tab. Yaani inajua. Inajua vizuri sana unachotaka, na bado inakataa.

Nikasema hapana, hii kitu lazima iko na mwenyewe. Kuna mtu, mahali fulani, siku fulani, aliamua iwe hivi. Nikaenda kumtafuta.

Marafiki kumi na wawili

Mwenyewe anaitwa Stuart Feldman. Mwaka ni 1976, mahali ni Bell Labs, New Jersey, maabara za kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani. Hapo ndipo Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wameanza kujenga Unix mwaka wa 1969, na kufikia 1973 walikuwa wameiandika upya kwa C, lugha ambayo Ritchie aliibuni.

Sasa, programu ya C haikimbii tu vile umeiandika. Msimbo unaoandika ni wa kusomwa na binadamu. Lazima kompaila iugeuze uwe lugha ya mashine. Programu kubwa inagawanywa kwa faili nyingi, kila faili inakompailiwa kivyake, halafu vipande vinaunganishwa mwisho. Ukirekebisha faili moja ukasahau kuikompaili tena, utaunganisha kipande cha zamani na kosa lako litabaki pale pale likikucheka.

Ndicho kilichompata Stephen Johnson, mwenzake Feldman pale Bell Labs. Siku moja aliingia kwa ofisi ya Feldman akifoka. Asubuhi nzima alikuwa amesaka hitilafu kwenye programu ambayo haikuwa na hitilafu. Alikuwa ameshairekebisha, ila alisahau kukompaili ile faili. Feldman naye jioni iliyotangulia alikuwa amepoteza wakati kwa balaa hiyo hiyo. Wakaongea, na wikendi hiyo Feldman akaandika make.

Na Tab je? Kulikuwa na chombo kipya kabisa kinaitwa lex, cha kusaidia programu kusoma maandishi. Feldman hakuwa amekitumia, akaona make ni nafasi nzuri ya kujifunza. Kikamchanganya. Akaamua kufanya kitu rahisi: mstari ukianza na Tab, hiyo ni amri. Ikafanya kazi, akaiacha hivyo. Wiki chache baadaye watu kama kumi na wawili walikuwa wanatumia make, wengi wao marafiki zake. Akaona akibadilisha sasa atawaharibia kazi. Akaacha tu. Kisa hiki amekieleza mwenyewe, na anakubali matokeo yake ni ya kusikitisha.

Buda, rudia kusoma hapo. Watu kumi na wawili. Ili marafiki kumi na wawili wa New Jersey wasisumbuke mwaka wa 1976, mimi nimekesha kwa bedsitter yangu kabla hata wazazi wangu hawajakutana.

Lakini simchukii. Kitu alichojenga kwa wikendi moja kilimpa tuzo ya ACM mwaka wa 2003, na bado kinatumika. Mwaka wa 2010, toleo la 3.82 la make ya GNU liliruhusu watu wabadilishe Tab waweke alama nyingine. Wanaotumia hiyo ruhusa ni wachache. Makefile za miaka yote hiyo ziko na Tab, na hakuna mtu ana nguvu ya kuzibadilisha zote.

Neno "kosa" linatuchezea

Kiswahili chenyewe kinatupiga chenga hapa. Kosa ni hitilafu, lakini kosa pia ni dhambi ndogo, kitu cha kuombea msamaha. Kwa hivyo skrini ikiandika "error", sisi tunasikia "umekosa". Tunainamisha kichwa.

Nikiwa chuoni, kwenye maabara ya kompyuta, kila msee alikuwa anaficha skrini yake ikijaa makosa. Mhadhiri akipita, unafunga dirisha haraka. Mficha uchi hazai, na sisi kwa kweli hatukuzaa: tulikaa wiki nzima tukipigana na kosa moja, kila mtu kivyake, na lilikuwa lile lile kwa sisi wote.

Sikuacha chuo kwa sababu ya kompyuta. Karo ndiyo ilinishinda. Lakini niliondoka nikiamini kwamba hata ningebaki, vitu hivi havikuwa vya watu kama mimi. Hiyo imani ndiyo ilinigharimu zaidi, na ndiyo nataka kuwavua nyinyi leo. Kila ujumbe wa kosa uko na aliyeuandika na uko na mwaka wake. Ukijua uliandikwa katika hali gani, unajua namna ya kuusoma.

Chukua huo ufupi unaotuudhi. Watu wa Unix ya kwanza hawakuwa na skrini kama zetu. Walitumia telitaipu, mashine ya kupiga chapa kwenye karatasi, herufi kama kumi kwa sekunde. Hebu fikiria kungoja aya nzima ya maelezo kwa mwendo huo. Ndio maana programu zao zilikuwa na maneno machache kama mzee wa kijiji. Kihariri chao, ed, ukikosea kilikujibu kwa alama moja tu: ?. Basi. Na mambo yakienda sawa programu ilinyamaza kabisa. Mpaka leo ukipiga amri kwa terminali na isiseme kitu, usiogope. Kimya kinamaanisha imeingia poa.

Halafu kuna kinyume chake: makosa mia mbili kwa mpigo. Hii ni tabia ya kompaila tangu enzi za kompyuta kubwa za kushirikiwa. Ulikuwa unapeleka programu yako kwenye kadi za karatasi, unangoja zamu, pengine mpaka kesho yake, ndio upate majibu. Kompaila ikisimama kwa kosa la kwanza, umepoteza siku nzima. Kwa hivyo zikafundishwa zikikwama zibahatishe, ziendelee mbele, ziripoti kila kitu zinachoweza kuona. Shida ni kwamba zikishabahatisha vibaya, zinaanza kulalamikia hata mistari iliyo sawa. Semikoloni moja iliyosahaulika inazaa watoto arobaini.

Ndio maana kanuni ni hii: panda juu, soma kosa la KWANZA. Sisi huwa tunasoma la mwisho juu ndilo liko mbele ya macho. Na la mwisho mara nyingi ni make tu ikisema "Error 1", maana yake kuna aliyeanguka huko juu. Hiyo ni kama kuuliza jirani wa mwisho kwa ploti nani aliiba kuku.

Siku saa ilirudi nyuma

Nikishajua make inafanya nini, hata mambo ya ajabu yakaanza kueleweka. Siku moja stima ilipotea. Iliporudi nikawasha mashine, nikapiga make, ikaniambia: "Clock skew detected. Your build may be incomplete."

Zamani ningekopi hiyo nikaitupa kwa AI, nikabandika chochote ningejibiwa. Siku hiyo nilikaa nikafikiria. Wazo la Feldman ni rahisi: make huangalia saa ya faili. Kama faili ya msimbo ni mpya kuliko kilichojengwa, inajenga tena. Kama ni ya zamani, inaiacha. Haina akili nyingine zaidi ya hiyo. Sasa saa ikiwa imedanganya je?

Nikapiga amri ya date. Kompyuta yangu iliamini tuko miaka mingi nyuma. Betri ndogo ya duara ya kwenye ubao wa ndani, ile CR2032, ilikuwa imekufa. Stima ikikatika, saa inasahau. Na bando zilikuwa zimeisha, kwa hivyo haikuweza kujirekebisha kupitia intaneti. Faili zangu za jana zilikuwa zinaonekana zimetoka siku zijazo, na make ikachanganyikiwa kihalali kabisa. Nikanunua betri ya bei ya chai na mandazi, mambo yakaisha. Hakuna mstari hata mmoja wa msimbo wangu ulikuwa na shida.

"checking for..."

Tab ni mambo ya 1976. Ile mvua ya "checking for this... yes, checking for that... no" unayoona ukijenga programu kutoka mwanzo ilitoka kwa vita vya miaka ya themanini.

Unix iligawanyika. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilikuwa na yake, BSD, AT&T walikuwa na yao, halafu kila kampuni ya kuuza kompyuta ikatengeneza yake: Sun, HP, IBM, DEC. Zote zinaitwa Unix au jamaa ya Unix, lakini kitu kiko hapa, pale hakipo, kule kina jina lingine. Ukitaka programu yako ijengeke kila mahali, ilikuwa kilio.

Larry Wall, ambaye baadaye alibuni lugha ya Perl, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutoa programu na skripti ya kupeleleza mashine kabla ya kujenga. Ile ya Perl hata ina mzaha: inakupongeza kwa kutotumia Eunice, mfumo mmoja wa zamani uliojifanya Unix. Mwaka wa 1991 David MacKenzie, aliyekuwa akishughulikia programu za GNU, mradi wa programu huru ulioanzishwa na Richard Stallman, akaanza Autoconf. Hiyo ni programu inayokuandikia skripti ya configure. Skripti yenyewe inajenga vijiprogramu vidogo vidogo vya majaribio na kuangalia kipi kinakubali. Kila "yes" na "no" unayoona ni jaribio dogo. Mengi yanauliza maswali juu ya mashine ambazo hata makumbusho zimezisahau.

Mradi wa FFmpeg, ulioanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka wa 2000, uko na configure yake iliyoandikwa kwa mkono, lakini mtindo ni ule ule. Mimi nilitaka kuijenga mwenyewe ili nipate kisimbaji kimoja cha sauti, fdk-aac, ambacho Linux nyingi hazikiweki ndani ya FFmpeg kwa sababu leseni yake haipatani na ya GPL. Nikapiga configure. Jibu: "ERROR: libfdk_aac not found".

Na mimi nilikuwa nimeshaiweka! Nikaapa kwa hasira.

Hapa tena historia ndiyo iliniokoa. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993, na watoto wake kama Ubuntu, hugawanya maktaba ya programu kwa vifurushi viwili. Kimoja cha mtu wa kutumia, kingine cha mtu wa kujenga. Cha kujenga kina zile faili za vichwa zinazoishia na .h, na jina lake linaishia na -dev. Mtu wa kutumia hana haja nazo, kwa hivyo hawamjazii diski. Mimi nilikuwa nimeweka chakula, sikuweka mapishi. Nikaweka libfdk-aac-dev, configure ikapita. Na kama isingepita, ningefungua faili ya config.log, ambayo huwa inaandika lile jaribio dogo lililoanguka pamoja na sababu yake halisi. Kwenye skrini "not found" ni muhtasari tu. Ushahidi uko kwenye log, na karibu hakuna mtu huifungua.

Mwizi anakaa mahali hakuna mtu anasoma

Unaweza kusema, sawa, lakini hii ni shida ya watu wa kompyuta, sisi inatuhusu nini? Subiri.

Tarehe 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu, mhandisi anaitwa Andres Freund alitangaza kitu kilichotetemesha dunia nzima ya Linux. Kuna chombo kidogo cha kubana faili kinaitwa xz. Kiko kwenye Linux karibu zote, na kwa miaka mingi kilitunzwa na Lasse Collin, kwa kujitolea, karibu peke yake. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuja akasaidia, pole pole, zaidi ya miaka miwili, mpaka akaaminiwa kutoa matoleo mapya. Kisha kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akaficha mlango wa nyuma. Ungefika mbali, mwenye ufunguo angeweza kuingia kwenye seva za watu kupitia SSH, ile njia wasimamizi hutumia kuingia kwenye mashine kutoka mbali.

Sasa sikiza aliuficha wapi. Hakuuweka wazi kwenye msimbo ambao watu husoma. Kipande kimoja kilikuwa ndani ya faili za majaribio zilizoonekana kama takataka. Kipande kilichokiamsha kilikuwa kwenye skripti za kujenga, ndani ya zile "checking for, checking for" ambazo sisi wote huziacha zipite kama matangazo ya matatu. Na kilikuwa kwenye furushi la kupakua pekee, hakikuwa kwenye hazina ya wazi ya msimbo. Alijua hasa mahali macho yetu huchoka.

Freund hakuwa anasaka mwizi. Alikuwa anapima kasi ya PostgreSQL, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula nguvu ya prosesa kuliko kawaida. Akakumbuka pia malalamiko ya ajabu aliyoyaona wiki kadhaa nyuma kutoka Valgrind, chombo cha kukagua kumbukumbu ya programu. Wengi wangesema "aah, Linux ni Linux" wakaendelea. Yeye akavuta uzi. Matoleo hayo yalikuwa yamefika kwenye Linux za majaribio, hayajafika kwa zile watu wengi hutegemea. Tuliponea hapo.

Ndio maana nasema kusoma makosa si mambo ya wataalamu wenye digrii pekee. Simu ya Android iliyo mkononi mwako iko na kiini cha Linux. Seva nyingi zinazobeba kurasa unazosoma ni Linux. Vyaelea, vimeundwa, na huko vinakoundwa kuna pembe nyingi zenye giza ambazo zinangoja mtu mmoja mwenye subira ya kuuliza "kwani hii inasema nini?"

Sisemi usitumie AI. Mimi natumia. Lakini kuna tofauti kati ya kumuuliza mtu maana ya barua na kumpa barua aisome, aijibu, aweke sahihi yako, wewe ukiwa hujaifungua. Ukifanya hivyo kila siku, siku barua itakapokuwa ya mwizi hutajua.

Kwa hivyo ukikwama leo usiku: panda juu usome kosa la kwanza. Fungua log. Angalia saa ya mashine. Uliza kama ni -dev inakosekana. Na usifichie jirani skrini yako, huenda yuko na kosa lile lile.

Makefile yangu inafanya kazi sasa. Video ya wiki hii iliijenga yenyewe nikiwa nakaanga mayai. Mstari wa nne uko na Tab moja, haionekani, na kando yake nimeandika maelezo kwa atakayekuja kuikopi: hii ni ya Feldman, usiiguse.